Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuchambua Sifa za Kiufundi za Vyombo vya Kubuni katika Gemu

Mengi ya maswali haya nimeulizwa katika vyumba vya gemu vya Ng'ambo, mjini Unguja, na watu waliokaa nyuma ya mchezaji wakingojea zamu zao, ambao kwa muda huo hawana kazi ila kubishana. Machache yalitoka Pemba, kwa wanafunzi wa skuli waliotaka kujua kama fizikia wanayosomeshwa inafaa kitu nje ya mtihani. Natumia neno "chombo" kwa makusudi, kwa sababu kwetu neno hilo linachukua gari, vespa, jahazi na ndege bila ya kumlazimisha mtu kutafuta neno jingine.

Chombo chenyewe hakipo duniani. Kuna maana gani kukichambua?

Fundi wa mashua akioneshwa mchoro wa mashua ambayo haijaundwa, hukwambia pale pale kama itabeba mzigo au itapinduka kwenye mkondo wa kwanza. Mashua hiyo nayo haipo, lakini hakuna anayemuuliza kwa nini anaihukumu. Sisi tunafanya jambo hilo hilo: tunachukua umbo, uzito na kasi ya kitu kilichobuniwa, kisha tunauliza kingehitaji nini ili kifanye kile ambacho gemu inaonesha kinakifanya. Jibu la kusema "haiwezekani" ni rahisi na halina ladha. Lenye faida ni lile linalosema haiwezekani kwa kiasi gani, na inashindikana wapi: kwenye injini, kwenye tairi, kwenye hewa, au kwenye mwili wa dereva.

Takwimu zipi ndizo za kweli: zilizoandikwa kwenye kitabu cha gemu, zilizomo ndani ya mafaili, au zinazoonekana kwenye skrini?

Hapa ndipo mabishano mengi yanapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chombo cha gemu kina sifa za namna tatu, na kila namna ina bwana wake. Ya kwanza ni madai ya hadithi, yaani yale ambayo watunzi wameandika kwenye kijitabu au kwenye maelezo ya menyu. Ya pili ni namba ambazo programu inazisoma ili kukiendesha chombo. Ya tatu ni mwendo wenyewe kama mtu anavyoweza kuupima kwa macho na saa. Mara nyingi tatu hizi hazipatani, na wala si lazima zipatane, kwa sababu aliyeandika hadithi pengine hajawahi kukaa meza moja na aliyepanga namba.

Mfano mzuri ni kifaru kinachoitwa Rhino katika GTA San Andreas, gemu ya mwaka 2004 ambayo karibu kila kijana wa mjini ameicheza. Kwa umbo kinafanana na vifaru vya kisasa vya Marekani vya aina ya Abrams, ambavyo vina uzito wa zaidi ya tani 60. Ukilifungua faili la mienendo ya vyombo katika gemu hiyo, unakuta Rhino imepewa kilo 25,000, chini ya nusu ya uzito wa umbo lake. Mchezaji hahisi upungufu huo hata kidogo, kwa sababu magari yanayoguswa na Rhino yanalipuka. Mlipuko huo hautokani na uzito wala kani ya mgongano, bali ni amri iliyoandikwa kwamba kifaru kikigusa gari, gari lilipuke. Mtu akikadiria uzito wa Rhino kwa kutazama inavyoyasambaratisha magari atapata jibu la ajabu, kwa kuwa anapima amri akidhani anapima uzito.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba zote tatu ni za kweli mahali pake, mradi uandike wazi umechukua ipi. Asiyesema namba yake ameipata wapi simjibu.

Ndani ya faili la mienendo kuna nini hasa?

Katika San Andreas, kila gari lina mstari mmoja wenye namba na herufi zilizopangwa kwa safu: uzito, ugumu wa kulizungusha, ukinzani wa hewa, mahali kitovu cha uzito kilipo, mshiko wa tairi, idadi ya gia, kasi ya juu, nguvu ya kuongeza mwendo, breki, na kadhalika. Aina ya uendeshaji huandikwa kwa F kama ni tairi za mbele, R kama ni za nyuma, na 4 kama ni zote. Injini huandikwa P kwa petroli, D kwa dizeli, na E kwa umeme. Gari la Infernus, kwa mfano, lina kilo 1,400, kasi ya juu 240, na linavuta kwa tairi zote nne.

GTA V ya mwaka 2013 inafuata mawazo hayo hayo kwa mpangilio mpya. Mgawanyo wa nguvu baina ya tairi za mbele na za nyuma umekuwa namba moja: 0 ina maana nguvu yote iko nyuma, 1 ina maana yote iko mbele, na 0.5 inagawa sawa. Usidhani, hata hivyo, kwamba kasi ya juu iliyoandikwa ndiyo utakayoiona barabarani. Hiyo ni namba moja katika hesabu, na ukinzani, gia na mteremko navyo vina sehemu yao. Ndiyo maana baada ya kusoma faili bado tunapima.

Je, mistari ya uwezo inayooneshwa wakati wa kuchagua gari inaaminika?

Kwa kulinganisha haraka inasaidia, lakini kwa uchambuzi haitoshi. Mario Kart 8, gemu ya mbio za magari, inaonesha mistari ya kasi, mchapuko (wepesi wa kuongeza mwendo), uzito, usukani na mshiko, na nyuma yake kuna thamani nyengine zisizooneshwa: kasi ya majini, kasi ya angani, usukani wa kila mazingira, na nguvu ya msukumo mdogo unaopatikana baada ya kuserereka kwenye kona. Wachezaji wawili wenye mistari inayofanana kabisa wanaweza kuwa na vyombo viwili tofauti.

Katika gemu hiyo hiyo kuna jambo linalowachanganya waendesha bodaboda. Daraja za 50, 100, 150, na 200 iliyoongezwa mwaka 2015, zimeandikwa kama sentimita za ujazo za injini, lakini kazi yake ni kupanga kasi ya mashindano tu. Pikipiki yako ya 150 iliyoegeshwa nje ya Darajani haina undugu wowote na daraja ya 150 ya Mario Kart.

Nitapataje urefu wa gari wakati ndani ya gemu hakuna futi wala mita?

Tafuta kitu ambacho ukubwa wake unaujua, kisha kitumie kama fimbo ya kupimia. Wengi wanakimbilia mtu aliyesimama pembeni na kumhesabu kuwa na mita 1.75. Mimi huanza na mtu, lakini simwachi peke yake, kwa sababu katika gemu nyingi milango, ngazi na vyumba hukuzwa ili kamera ipate nafasi ya kupita, na mtu huonekana mdogo pembeni yake. Tairi nayo ni fimbo nzuri kwa gari linaloiga gari la kweli. Tairi ya 195/65 R15, ambayo imejaa kwenye magari madogo yanayotoka Japani tunayoyaona kila siku, ina kipenyo cha milimita 634: rimu ya inchi 15 ni milimita 381, na pande mbili za mpira zinaongeza milimita 253. Tatizo ni kwamba wachoraji wa gemu wanapenda tairi kubwa kuliko kawaida, kwa sababu gari lenye tairi kubwa linapendeza. Ukipima kwa mtu ukapata mita 4.4 na kwa tairi ukapata mita 3.9, usichague ile unayoipenda; andika zote mbili na useme gari lina urefu baina ya hizo.

Kuhusu picha yenyewe, kosa linaloharibu kila kitu ni kupiga picha ukiwa karibu. Sehemu iliyo karibu na kamera hukua, iliyo mbali husinyaa, na bonati hugeuka kuwa ndefu kama ngalawa. Rudi nyuma kadiri gemu inavyokuruhusu, kisha vuta picha karibu kwa darubini au bunduki ya shabaha kama ipo, na ulitazame gari kwa ubavu kamili, hadi tairi ya upande wa pili ijifiche yote nyuma ya hii ya upande wako. Hapo ndipo uhesabu pikseli.

Na kasi, nitaipimaje?

Rekodi mwendo, kisha hesabu fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Tuseme gari lina mita 4.5, na kutoka pua hadi mkia limeipita nguzo ya taa kwa fremu 6 katika rekodi ya fremu 60 kwa sekunde. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa hiyo kasi ni mita 45 kwa sekunde, sawa na kilomita 162 kwa saa. Jibu linapendeza, lakini ni bovu. Ukikosea fremu moja tu, yaani ukahesabu 5 au 7, kasi inaruka hadi 194 au inashuka hadi 139. Dawa yake ni kurefusha umbali. Chagua barabara iliyonyooka yenye nguzo zilizopangwa sawa, pima umbali baina ya nguzo mbili kwa kutumia urefu wa gari lenyewe, kisha lipime gari kwa mita 400 badala ya mita 4. Kosa la fremu moja halitaonekana tena.

Hili nimejifunza kwa aibu. Nilipoanza, nilirekodi skrini ya chumba cha gemu kwa simu iliyokuwa ikichukua fremu 30, wakati mashine yenyewe ilikuwa kongwe na kila moshi ukizidi picha inakwama. Nikatangaza barzani kwamba gari fulani linapita kilomita 400 kwa saa, nikalitetea jambo hilo wiki nzima. Kumbe fremu zilizoangushwa na mashine nilizihesabu kama muda ambao haukupita, na kasi ya kweli ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Tangu hapo kwanza naiweka saa ya gemu au saa ya mkononi ndani ya picha, na hesabu ya fremu naitumia kama shahidi wa pili.

Mbona gari linasema kilomita 200 kwa saa na mimi nahisi linatambaa, au kinyume chake?

Hisia ya kasi inatokana na upana wa macho ya kamera, urefu wake kutoka ardhini, na wingi wa vitu vilivyo kando ya njia. Barabara yenye minazi pande zote mbili ina kasi kuliko uwanja mtupu, ingawa saa ya mwendo ya gari inasoma namba ile ile. Yeyote aliyepanda gari ya shamba kuelekea Makunduchi anaijua hali hiyo bila ya kufundishwa. Jambo la pili ni ukubwa wa dunia ya gemu. Ramani nzima ya San Andreas, pamoja na miji yake mitatu, jangwa na mlima, ina kilomita 6 kwa 6. Reli ya zamani ya Bububu ilikuwa na urefu wa maili 7, kwa hiyo "jimbo" zima la San Andreas lingemalizika kabla treni haijafika mwisho wa njia. Kwa kilomita 180 kwa saa unalikata jimbo hilo kwa dakika mbili. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana mara nyingi namba ya saa ya mwendo hukuzwa wakati mwendo wenyewe unabaki wa wastani, ili mchezaji asifike baharini kabla hajaanza kufurahi.

Nawezaje kukadiria nguvu za farasi kutokana na kasi ya juu?

Gari likifika kasi yake ya juu, injini inafanya kazi mbili tu: kusukuma hewa na kushinda ukinzani wa tairi zinazoviringika. Tuchukue tena Infernus yenye kilo 1,400, na tuichukue kasi yake ya kilomita 240 kwa saa kana kwamba tumeipima, nayo ni mita 66.7 kwa sekunde. Kwa umbo lake la chini, tukadirie kizidisho cha ukinzani wa hewa kuwa 0.35 na eneo la mbele kuwa mita 1.9 za mraba. Hewa ina kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo. Nusu ya 1.2, mara 0.35, mara 1.9, mara kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, tunapata kani ya nyutoni 1,770 hivi. Tairi zinaongeza kama 206. Jumla yake mara kasi ni kilowati 132, na tukiongeza kinachopotea katika gia na shafti tunafika kilowati 155, sawa na nguvu za farasi 208.

Watu wanakasirika wakilisikia jibu hili, kwa sababu gari lenye sura ile wanalitarajia liwe na 500. Lakini ndivyo hesabu inavyosema: kufika 240 si kazi kubwa kwa gari la chini lililochongoka. Kupita hapo ndiko kunakogharimu, kwa kuwa nguvu ya kusukuma hewa inakua kwa mchemraba wa kasi. Gari hilo hilo likitaka 300 linahitaji karibu nguvu za farasi 390, na likitaka 480, yaani mara mbili ya kasi ya mwanzo, upande wa hewa peke yake unahitaji mara nane.

Hakiki jibu lako kwa mchapuko. Tairi nzuri za kawaida kwenye lami kavu zina mshiko wa takriban 1, kwa hiyo hata gari linalovuta kwa tairi zote nne na lenye nguvu isiyo na mwisho halitafika kilomita 100 kwa saa chini ya sekunde 2.8. Ukiliona gari la gemu linafika kwa sekunde moja na nusu, acha kuitafuta injini. Siri iko kwenye mshiko wa tairi, ambao umekuzwa karibu mara mbili.

Ile gari ya jeshi ya gemu ya Halo inayotumia maji ya bahari, kweli inawezekana?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, pengine kwa sababu bahari imetuzunguka. Gari lenyewe ni Warthog, lililotoka na Halo ya kwanza mwaka 2001. Jina lake ni la mnyama tunayemwita ngiri, na kwa kuwa ngiri kwetu ni maradhi pia, sijawahi kulitafsiri mbele ya wazee bila ya kicheko kuzuka. Maelezo ya hadithi yanasema lina injini ya lita 12 inayochoma haidrojeni, na kifaa kinachotumia jua kuyavunja maji, ya chumvi au ya kisima, ili kupata haidrojeni hiyo. Linabeba maji lita 12. Namba mbili zimefanana kwa bahati tu, tusizichanganye.

Tuanze na maji. Lita 12 ni kilo 12, na katika maji sehemu moja ya tisa ya uzito ni haidrojeni, kwa hiyo tuna kilo 1.33. Kila kilo ya haidrojeni ikichomwa inatoa megajuli 120, jumla 160. Lita moja ya petroli ina megajuli 32 hivi. Maana yake ni kwamba tangi zima la Warthog, likivunjwa hadi tone la mwisho, lina nishati ya lita 5 za petroli. Injini ya lita 12 ni saizi ya injini ya lori kubwa linalovuta tela. Mtu yeyote anayenunua mafuta anajua lori la namna hiyo litafika wapi kwa lita 5: kutoka mjini pengine likifika Chuini limejitahidi.

Sasa jua. Mitambo iliyopo leo inahitaji takriban kilowati 50 kwa saa moja ili kutoa kilo moja ya haidrojeni, kwa hiyo kilo zetu 1.33 zinataka kama 67. Juu ya Warthog, ambayo haina hata paa, ukipata mita 2 za mraba za kuweka paneli umebahatika. Paneli zenye ufanisi wa asilimia 20 chini ya jua la utosini zitatoa kilowati 0.4. Gawanya, unapata saa 167 za jua kali. Kwa saa tano za jua la namna hiyo kwa siku, gari linakaa juani zaidi ya mwezi mmoja ili liende safari moja ya Chuini.

Je, basi, Warthog ni upuuzi? Sehemu ya maji ndiyo. Maji si mafuta, ni majivu ya haidrojeni iliyokwisha kuungua, na kuyarudisha nyuma lazima ulipe kila ulichokipata na ziada. Lakini injini ya pistoni kuchoma haidrojeni ni jambo la kawaida na limeshafanywa na viwanda vya magari. Usukani wake wa tairi zote nne pia upo kwenye magari ya kweli, na ndio unaoeleza kwa nini linazunguka mahali padogo na kuserereka ovyo mikononi mwa asiyelizoea. Mtu akiniambia kwamba hadithi inatokea karne kadhaa mbele na paneli zitakuwa bora, namkubalia. Nampa paneli zenye ufanisi wa asilimia 100, ambazo hazitakuwepo, na bado anasubiri karibu siku saba.

Vifaru vikubwa vya kubuni vina uzito gani?

Njia ya haraka ni ya boksi. Chora boksi linalokizunguka chombo, tafuta ujazo wake, kisha zidisha kwa uzito wa kawaida wa aina hiyo ya chombo. Gari dogo la abiria lina takriban kilo 120 kwa kila mita ya ujazo ya boksi lake, kwa sababu ndani ni hewa tupu. Kifaru cha kisasa kinafika kilo 900 hivi. Maus ya Ujerumani, iliyoundwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kuishia kwenye vielelezo viwili tu, ilikuwa na tani 188 na inapita kilo 1,300. Kifaru cha gemu kikitoka nje ya mipaka hiyo, kuna swali la kuuliza.

Scorpion, kifaru cha Halo, inadaiwa kuwa na tani 66 na mzinga wa milimita 90. Uzito huo ni wa kuaminika kabisa, lakini mzinga ni mdogo mno kwake: T-55 ya Kisovieti, yenye tani 36 tu, ilibeba mzinga wa milimita 100, na Abrams inabeba wa 120. Mtetezi anaweza kusema risasi za zama hizo ni bora, na sina hoja ya kumpinga.

Linalosahauliwa ni ardhi. Ukikikuza kifaru mara mbili kila upande, uzito unakuwa mara nane na eneo la minyororo mara nne, kwa hiyo mgandamizo juu ya udongo unakuwa maradufu. Abrams inagandamiza takriban kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba, pungufu kuliko tairi ya teksi, yenye kama kilo 2. Ndiyo maana kifaru hupita kwenye mchanga ambao teksi itazama. Vile vifaru vya gemu vyenye ukubwa wa jengo la Michenzani vingehitaji kupita juu ya mawe matupu ya uwanda wa Makunduchi; kwenye mabonde ya mpunga ya Cheju visingetoka.

Nimeona gari la gemu ya Mass Effect linapanda ukuta wa mlima. Nikaambiwa ni kwa sababu mvutano wa sayari ni mdogo. Ni kweli?

Si kweli, na aliyeuliza swali hili, mwanafunzi kutoka Chake Chake, alikuwa ameshaanza kulishuku jibu hilo. Mako, ndilo jina la gari hilo la mwaka 2007, inapanda miamba inayokaribia kusimama wima. Kinachoamua kama tairi itateleza kwenye mteremko ni uwiano baina ya mshiko na mwinamo. Uzito unazidisha pande zote mbili kwa kiasi kile kile, kwa hiyo unajifuta. Kwa mshiko wa 0.8 mwisho ni digrii 38 na kitu, uwe kwenye vilima vya Pemba au mwezini. Hadithi inaeleza pia kwamba Mako ina kifaa cha kupunguza masi yake. Hicho kitaipunguzia injini kazi, lakini tairi zitateleza pale pale. Kitakachosaidia ni kitu cha kuisukuma gari kuelekea mwambani, na Mako ina roketi za kuirusha juu. Kama zingeelekezwa upande wa pili, mjadala ungekwisha.

Vyombo vinavyoelea hewani kwa kasi kubwa, kama vya gemu za F-Zero, vinashindikana wapi?

Kwanza niseme ambapo havishindikani. Blue Falcon, mojawapo ya vyombo hivyo, imeandikwa kuwa na kilo 1,260, na katika F-Zero X ya mwaka 1998 vyombo vilipita kilomita 1,000 kwa saa. Nishati ya mwendo iliyomo katika chombo hicho kwa kasi hiyo ni kama megajuli 49, sawa na lita moja na nusu ya petroli. Kuishinda hewa kunataka zaidi ya nguvu za farasi 8,500, ambazo ni nyingi ila injini za ndege zinazifikia.

Kinachokiua ni kona. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 200 kwa kasi hiyo inahitaji mchapuko wa mara 39 ya mvutano wa dunia. Rubani wa ndege ya kivita, aliyevaa suti maalumu, anastahimili kama mara 9. Tena chombo hakina tairi, kwa hiyo kitu fulani lazima kikisukume ubavuni kwa kani sawa na uzito wa tani 49, na skrini haituoneshi kitu hicho. Gari lililobuniwa na Adrian Newey, mbunifu wa magari ya mashindano, kwa ajili ya gemu ya Gran Turismo 5 ya mwaka 2010 lilijibu swali la namna hiyo kwa feni inayoinyonya hewa ya chini na kuligandisha gari barabarani. Wazo hilo limeshajaribiwa kwenye lami ya kweli: Chaparral 2J ilikuwa na feni mwaka 1970, na Brabham BT46B ya Niki Lauda ilishinda mashindano ya Sweden mwaka 1978 kisha ikaondolewa kwenye michezo.

Na vyombo vya baharini?

Kwa kawaida ndivyo vyepesi kuvipima kuliko vyote, kwa sababu maji yanakupa uzito bure: urefu, mara upana, mara kina kilichozama, mara kizidisho cha umbo, mara kilo 1,025 za maji ya bahari. Boti ya mita 7 kwa 2.2, iliyozama sentimita 40, yenye kizidisho cha 0.45, ina tani 2.8. Lakini katika GTA sehemu ya chombo inayozama imeandikwa kwenye faili kama asilimia, kwa hiyo kina hicho hakielezi chochote kuhusu uzito. Pima basi kasi. Chombo kinachokata maji bila ya kunyanyuka juu yake kina mwisho wake unaotokana na urefu. Jahazi la mita 12 kwenye maji hufika noti 8 na kitu (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), na likisukumwa zaidi linajichimbia wimbi lake lenyewe.

Roketi zangu za gemu ya Kerbal zinafika angani kwa urahisi. Zingefika za kweli?

Hapana. Sayari ya Kerbin ina nusu kipenyo cha kilomita 600 wakati dunia ina 6,371, ingawa mvutano wa juu ya ardhi umewekwa sawa. Kuizunguka Kerbin karibu na hewa yake kunataka mita 2,300 hivi kwa sekunde. Kuizunguka dunia kunataka 7,800.

Je, kufungua mafaili ya gemu kunaweza kuniletea matatizo?

Kusoma faili la gemu unayoicheza peke yako hakujawahi kumletea shida mtu ninayemjua. Kubadilisha namba kisha kuingia kwenye mchezo wa mtandaoni ni jambo jingine, na akaunti hufungwa. Weka nakala ya faili la asili kabla ya kugusa chochote.

Nimepima chombo kile kile na mwenzangu, tumepata majibu mawili. Nani amekosea?

Pengine hakuna. Ulizaneni kwanza mlicheza toleo gani, kwa sababu masahihisho ya gemu hubadilisha namba za magari kimya kimya. Kisha ulizaneni juu ya mashine: gemu nyingine huhesabu mwendo kwa kila fremu, na kompyuta inayotoa fremu 100 huenda ikalipa gari kasi tofauti na ile inayotoa 30. Angalieni kama mmoja wenu alipita kwenye mteremko, kama gari liliboreshwa kwenye gereji ya gemu, na kama mlianza kuhesabu kutoka fremu ile ile. Baada ya hapo pimeni tena mara tano kila mmoja, muandike majibu yote matano pamoja na lile la juu na la chini, na mbadilishane rekodi zenu ili kila mmoja ahesabu ya mwenzake.